Kilo 17 Mkononi: Jinsi Baiskeli ya Umeme Ilivyojifunza Kujikunja

Tarehe 31 Machi 2025, mamlaka ya usafiri ya London ilifunga mlango. Kuanzia siku hiyo baiskeli za umeme zikapigwa marufuku kwenye treni za chini ya ardhi. Hakuna cha naomba bosi, hakuna cha nashuka kituo kinachofuata. Mwezi mmoja nyuma, baiskeli moja ya umeme ilikuwa imewaka moto kwenye jukwaa la stesheni ya Rayners Lane, kaskazini-magharibi mwa jiji, na madereva wa treni walishachoka kuomba hatua zichukuliwe.

Ila tangazo lile liliacha mlango mdogo wazi. Baiskeli ya umeme inayokunjwa iliruhusiwa kuendelea kupanda treni, hata saa za msongamano.

Ukisikia haraka haraka unaweza kudhani ni upendeleo. Betri si betri tu? Moto si moto tu? Kwa nini hii iingie na ile ibaki nje? Jibu lake halipo kwenye tangazo peke yake. Lipo kwenye historia ya zaidi ya miaka 130, yenye wanajeshi wanaoruka na parachuti, mtunza bustani anayelala chumba kimoja na chuma, tajiri aliyepoteza hela mbele ya nchi nzima, na wafanyakazi wa kiwandani ambao majina yao hayajulikani mpaka leo.

Tatizo ni kilomita mbili tu

Kwanza tuelewane kuhusu shida yenyewe. Usafiri wa umma mjini una kasoro moja ya kudumu: haukufikishi mlangoni. Treni inakubeba kilomita 20, halafu inakumwaga kilomita mbili kabla ya kazini. Mtu wa Kimara au wa Rongai anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Gari limekushusha, sasa ama utembee nusu saa na jua lako, ama utoe hela ya boda kwa umbali ambao unaona kabisa haustahili hela hiyo.

Baiskeli ya kawaida ingemaliza mchezo, ila nayo ina mambo yake. Ukiiacha stesheni, jioni unaweza kukuta kufuli peke yake. Ukitaka kuingia nayo kwenye treni asubuhi, miji mingi ya Ulaya inakataa, kwa sababu baiskeli moja inakula nafasi ya watu kadhaa. Ukifika nayo ofisini, mlinzi anakuuliza unaipeleka wapi.

Ndiyo maana watu wakaanza kuota baiskeli inayogeuka begi. Unashuka, unakunja, unabeba. Na kwa sababu miji ina vilima, na bosi hapendi mtu aingie kikaoni anatiririka jasho, wakaota zaidi: begi hilo liwe na mota.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mota ina uzito, betri ina uzito zaidi, na kitu cha kukunjwa ni lazima kibebwe. Kila unachoongeza ili baiskeli iende, kinageuka mzigo pale inapokuwa haiendi. Unanunua nguvu barabarani, unailipia kwenye ngazi za stesheni. Historia yote ya chombo hiki ni ugomvi wa watu na kilo.

Umeme uliwahi, betri ikachelewa

Watu wengi wanadhani baiskeli ya umeme ni kitu cha juzi, cha enzi za simu janja. Wapi! Mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé alikuwa tayari anapita mitaa ya Paris na baiskeli ya magurudumu matatu inayosukumwa na mota ya umeme. Petroli yenyewe ilikuwa bado haijaanza kutamba barabarani.

Tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton Jr. wa Canton, Ohio, Marekani, alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa baiskeli ya betri. Ukitazama mchoro wake unaweza kushtuka. Mota ameiweka ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, palepale ambapo mamilioni ya baiskeli za umeme za leo zinaibeba. Betri ameining'iniza katikati ya fremu. Ilikuwa ya volti 10, na mota iliweza kuvuta hadi ampia 100. Yaani kimawazo, jamaa alikuwa amemaliza kazi kabla karne ya 20 haijaanza.

Kilichomwangusha ni kemia. Betri za wakati ule zilikuwa za risasi na asidi, ndugu wa ile unayoiona chini ya boneti ya gari. Kilo moja ya betri ya risasi inabeba umeme wa kama wati-saa 30 hadi 40. Baiskeli ya umeme ikiwa na mtu anayekanyaga pedali inakula takriban wati-saa 10 kwa kilomita. Kwa hiyo ukitaka kwenda kilomita 30, unahitaji kama wati-saa 300, na hizo kwa risasi ni kilo 8 hadi 10 za betri tupu, kabla hujahesabu mota, fremu wala wewe mwenyewe. Kwenye barabara tambarare unaweza kuvumilia. Kwenye ngazi za stesheni, weka chini ukapumzike.

Basi umeme ukakaa pembeni, ukasubiri. Na wakati unasubiri, kundi jingine kabisa la watu lilikuwa linahangaika na nusu ya pili ya kitendawili: kukunja.

Kukunja kulianzia jeshini

Mwanzoni walioitaka baiskeli ya kukunja zaidi hawakuwa wafanyakazi wa ofisini. Walikuwa wanajeshi. Katika miaka ya 1890 afisa wa jeshi la Ufaransa, Kapteni Henri Gérard, alisukuma mbele baiskeli ya kukunjwa ambayo askari angeweza kuivaa mgongoni akikutana na mto au ukuta, kisha akaikunjua na kuendelea na safari.

Vita Kuu ya Pili vikaipeleka mbali zaidi. Kiwanda cha BSA cha Uingereza kilitengeneza maelfu kwa maelfu ya baiskeli zilizokunjika katikati, kwa ajili ya askari wa kushushwa kwa parachuti. Unalegeza karanga mbili zenye mabawa, fremu inapinda, umemaliza. Siku ya kutua Normandy, tarehe 6 Juni 1944, baadhi ya askari wa Uingereza na Kanada walionekana wakitoka majini wamezibeba mabegani. Majina yao hayapo kwenye kitabu chochote cha historia ya baiskeli. Ila ndio walikuwa wajaribuji wa kwanza wa swali kubwa: binadamu anaweza kubeba baiskeli kwa umbali gani kabla hajaitupa?

Jibu ni kwamba si mbali. Baiskeli ya jeshi ilikunjika, sawa, lakini magurudumu yalibaki makubwa vilevile. Ukikunja kitu chenye magurudumu mawili makubwa, unapata furushi la magurudumu mawili makubwa. Halikai chini ya kiti cha treni.

Ufunguo ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1956 mgogoro wa Mfereji wa Suez ulisababisha Uingereza kugawa petroli kwa mgao. Mhandisi Alex Moulton, bingwa wa springi za mpira ambaye baadaye alibuni zile za gari dogo la Mini, akaanza kuiangalia baiskeli kwa jicho jipya. Mwaka 1962 akaonyesha London baiskeli yenye magurudumu madogo. Tatizo la gurudumu dogo ni kwamba linaingia kwenye kila shimo na kukupa taarifa kamili mpaka kwenye meno. Yeye akaweka mpira wa kufyonza mishtuko mbele na nyuma, na ghafla gurudumu dogo likaacha kuwa la watoto. Baiskeli yake ya mwaka ule haikuwa ya kukunja. Ila ilifungua mlango: kumbe mtu mzima, mwenye suti, anaweza kupanda gurudumu dogo na asichekwe.

Chumba kimoja, kitanda kimoja, vyuma vingi

Sasa tunafika kwa mtu ambaye simulizi yake ingefaa filamu. Andrew Ritchie alisomea uhandisi Cambridge, lakini katikati ya miaka ya 1970 alikuwa London akijipatia riziki kwa kutunza bustani. Mwaka 1975 akaiona baiskeli moja ya aluminiamu inayokunjwa, Bickerton. Ilikuwa nyepesi, ila ukiikunja ulibaki na kitu kilichochomoza huku na kule. Akajiambia inawezekana kufanya vizuri zaidi.

Marafiki kumi wakamchangia pauni 100 kila mmoja. Karakana ilikuwa chumbani kwake, kwenye nyumba iliyotazamana na kanisa la Brompton Oratory. Jina la baiskeli likatoka dirishani.

Kazi aliyoifanya mle ndani inafaa kuelezwa polepole, maana ndiyo iliyokuja kubeba kila kitu. Hakuikata baiskeli katikati tu kama wale wa jeshi. Gurudumu la nyuma linazunguka na kuingia chini ya fremu, na baiskeli inabaki imesimama yenyewe bila kuegemezwa. Kisha bomba kuu linapinda kwenye bawaba, gurudumu la mbele linakuja kulala kando ya lile la nyuma. Usukani unaanguka upande. Mwisho kiti kinashuka, na bomba lake likishuka linafunga kila kitu kisifunguke. Magurudumu mawili yanabana mnyororo wenye grisi katikati yao, hivyo suruali yako inabaki safi. Matokeo yake ni mzigo wa sentimita 58.5 kwa 56.5 kwa 27. Sanduku la safari, si baiskeli.

Ungetegemea viwanda vimkimbilie. Badala yake alizunguka na wazo lake akinyimwa leseni mlango baada ya mlango. Wakubwa wa sekta waliona ni kitu cha watu wachache wenye mambo yao. Mwaka 1981 akaanza mwenyewe, kwa hela za wateja 30 waliolipia kabla baiskeli haijawepo. Fikiria imani hiyo: watu 30 wanatoa pesa kwa kitu ambacho wakubwa wote wa biashara wamekikataa. Akatengeneza mamia kadhaa, halafu uzalishaji ukakwama tena kwa kukosa mtaji. Mpaka mwaka 1988, kwa msaada wa Julian Vereker, mfanyabiashara wa vifaa vya sauti aliyekuwa mteja wake, ndipo kazi ya kiwandani ikaanza kwa uhakika, chini ya tao la reli huko Brentford, magharibi mwa London.

Toka 1975 hadi 1988 ni miaka 13. Kuna watu wanaacha biashara baada ya wiki mbili bila likes.

Hakuwa peke yake pia. Ng'ambo ya bahari, huko California, mwanafizikia wa leza aliyeitwa David Hon alikuwa amesukumwa na msukosuko wa mafuta wa miaka ya 1970 kwenda njia hiyohiyo. Mwaka 1982 akaanzisha kampuni ya Dahon na kupeleka uzalishaji Taiwan. Mmoja aliibana baiskeli mpaka ikawa sanduku, mwingine akaishusha bei mpaka ikafikiwa na watu wengi. Kwa pamoja walijibu nusu ya swali. Kukunja kulikuwa kumewezekana.

Tajiri aliyewahi mno

Ile nusu nyingine, ya umeme, nayo ilikuwa na mtu wake. Clive Sinclair alikuwa shujaa wa Uingereza kwa kompyuta za bei rahisi za nyumbani. Januari 1985 akazindua C5, kigari cha magurudumu matatu cha umeme na pedali. Dereva anakaa chini kabisa, usawa wa tairi za malori, kwenye baridi na mvua ya Uingereza. Nchi ikacheka. Kabla mwaka haujaisha, uzalishaji ulikuwa umesimama.

Hakukata tamaa. Mwaka 1992 akaja na Zike, baiskeli ndogo nyepesi ya umeme, nayo haikuuza. Mwaka 2006 akaleta A-bike, baiskeli ya kukunjwa ya chini ya kilo 6, yenye magurudumu madogo kama ya kigari cha mtoto. Nyepesi, ndiyo. Ila kwenye barabara ya kweli, kila ufa ulikuwa korongo.

Ni rahisi kumcheka. Lakini ukiangalia vizuri, makosa yake yanafundisha kuliko mafanikio ya wengine. Zike iliposhindwa ilionyesha kuwa betri za wakati ule hazijaiva. A-bike iliposhindwa ilionyesha kuwa huwezi kutatua uzito kwa kuipunguza baiskeli tu. Ukipunguza sana, unabaki na kitu kinachobebeka vizuri na kuendeshwa vibaya. Alikuwa anauliza maswali sahihi, ila teknolojia ya kumjibu ilikuwa bado njiani.

Mambo manne yaliyokuja kimyakimya

Na kweli ilikuwa njiani. La kwanza ni sumaku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Japani na wa Marekani, kila upande kivyake, walipata sumaku za neodimiamu. Sumaku ndogo yenye nguvu kubwa maana yake ni mota ndogo yenye nguvu kubwa. Ile mota ya kitovuni ya Bolton sasa ingeweza kutosha kwenye gurudumu dogo la inchi 16.

La pili ni betri. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ilianza kuuza betri za lithiamu-ioni. Hazikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli hata kidogo. Zilikuwa kwa ajili ya kamera za video na vifaa vya mkononi. Wanasayansi watatu walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walisubiri hadi 2019 kupewa Tuzo ya Nobel. Seli ya lithiamu ina volti kama 3.6. Ukiunga kumi kwa mfuatano unapata volti 36, ambayo imekuwa kama kawaida ya baiskeli za umeme. Zile wati-saa 300 zilizokuwa zinadai kilo 8 hadi 10 za risasi, sasa zikaingia kwenye pakiti ya kilo 3 hivi au pungufu.

La tatu ni akili. Mwaka 1993 Yamaha ya Japani ilileta baiskeli yake ya PAS, ambayo mota yake haikuwashwa kwa kuzungusha mkono kama pikipiki. Kulikuwa na kihisi kinachopima jinsi unavyokanyaga pedali, na mota inaongeza nguvu kulingana na mguu wako. Ukikanyaga kwa nguvu inasaidia, ukiacha inaacha. Kumbe baiskeli ya umeme haikupaswa kuwa pikipiki dhaifu. Ilipaswa kuwa baiskeli inayokufanya uhisi una miguu ya mwanariadha.

La nne ni sheria. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliweka mstari: mota isizidi wati 250, ikate ikifika kilomita 25 kwa saa, na ifanye kazi pale tu unapokanyaga. Ukibaki ndani ya mstari huo, chombo chako ni baiskeli. Hakuna leseni wala namba ya usajili. Sheria hiyo inaonekana kama kizuizi, ila ndiyo iliyowapa wahandisi ukubwa kamili wa kitu cha kubuni.

China nayo ikafanya kile ambacho hakuna maabara ingeweza: wingi. Kanuni za mwaka 1999 ziliitambua baiskeli ya umeme, miji mikubwa ikawa inazibana pikipiki za petroli, na mlipuko wa SARS wa 2003 ukawafanya watu waogope mabasi yaliyojaa. Mamilioni ya watu wa kawaida, wauza mboga, wahudumu wa migahawa, wakaanza kwenda kazini kwa umeme. Nyingi zilikuwa nzito na za betri za risasi, haziwezi kukunjwa kwa namna yoyote. Lakini mota za kitovuni, vidhibiti na vihisi vikawa vitu vya bei ya sokoni.

Ndoa ngumu

Sasa kila kitu kipo mezani: fremu inayokunjika, mota ndogo, betri nyepesi. Unaunganisha tu, si ndiyo?

Hapana bwana. Mkunjo wa London ulikuwa umebana kiasi kwamba hakukuwa na nafasi ya kuingiza hata kidole. Uweke betri kwenye fremu, mkunjo haufungi. Uiweke nyuma, baiskeli inaegemea vibaya ukiibeba. Mafundi wa mitaani na kampuni ndogondogo walikuwa wameanza kufunga vifaa vya umeme kwenye baiskeli hizo kwa mikono yao, na waya zilikuwa zinaning'inia kila zinapokunjwa. Kila ukikunja, waya inapinda palepale. Kitu kinachopindwa mara nne kwa siku, siku za kazi zote, hatimaye kinakatika.

Brompton wakaamua kutafuta msaada kwa watu wa mbio za magari, Williams Advanced Engineering, kampuni ndugu ya timu ya Formula One. Wale walikuwa wamezoea kuminya umeme mwingi kwenye nafasi ndogo. Mwaka 2017 matokeo yakatangazwa: mota ya wati 250 kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, na betri ya wati-saa 300 ambayo haikai kwenye baiskeli kabisa. Inakaa ndani ya mkoba unaobandikwa mbele. Ukifika stesheni unachomoa mkoba, unauweka begani, unakunja baiskeli, unaishika kwa mkono mwingine.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Jumla ya uzito ilikuwa karibu kilo 17. Hilo ni sawa na mifuko mitatu ya unga ya kilo tano, na sukari kilo mbili juu yake. Hakuna aliyefanya muujiza wa kuufuta uzito. Walichofanya ni kuugawa. Kilo karibu 14 mkono huu, kilo karibu 3 bega lile. Mama yeyote aliyewahi kutoka sokoni anajua siri hiyo: mzigo uleule ukiwa kikapu kimoja unakuua, ukiwa mikono miwili unafika nyumbani.

Na faida ikazaa faida. Betri iliyotoka kwenye baiskeli inaweza kuchajiwa chini ya meza ya ofisi, baiskeli ikibaki pembeni. Ukiwa huna haja ya umeme siku hiyo, unaiacha nyumbani na baiskeli inabaki nyepesi.

Kulikuwa na njia nyingine pia. Mhandisi aliyetoka McLaren alianzisha Gocycle, yenye fremu ya magnesiamu, iliyoingia sokoni mwaka 2009, na miaka iliyofuata nayo ikapata matoleo ya kukunja. Yeye aliamini kwenye kubuni kila kitu upya toka mwanzo. Wengine wakaamini kwenye kulinda mkunjo uliothibitika. Mpaka leo ubishi huo haujaisha.

Bei ndiyo iliyouma. Brompton ya umeme ilianza kwa zaidi ya pauni 2,500. Kwa hela hiyo watu wengi duniani wananunua pikipiki na chenji inabaki. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mtu anayesongamana kwenye treni kikawa, kwa sehemu kubwa, cha mtu mwenye mshahara mnono.

Moto, na kwa nini mlango mdogo ulibaki wazi

Pengo hilo la bei ndilo linaloturudisha kwenye moto. Mtu asiyeweza kununua baiskeli ya kiwandani bado ana kilomita zake za kwenda. Hasa wale vijana wanaosambaza chakula, ambao kila dakika ni hela. Wao walifanya kile ambacho kila fundi wa mtaani angefanya: chukua baiskeli ya kawaida, nunua mota mtandaoni, nunua betri ya bei poa, funga, ondoka.

Lithiamu ina kumbukumbu mbaya. Ikichajiwa na chaja isiyo yake, au seli zake zikiwa duni, au ikiwa imegongwa huko nyuma, seli moja inaweza kupata joto lisilozuilika, ikaiwasha ya jirani, na ya jirani ikaiwasha inayofuata. New York peke yake mwaka 2023 ilihesabu moto 268 wa betri za lithiamu, na watu 18 wakafa. Wengi wa waliokuwa wakiishi karibu na betri hizo hawakuwa na namna nyingine ya kupata riziki. Mwezi Septemba mwaka huohuo jiji likaanza kutekeleza sheria inayozuia kuuza baiskeli za umeme zisizopimwa usalama.

Kwa hiyo London ilipokaa chini mwaka 2025, hoja yake ilikuwa hii: hatari kubwa inatoka kwenye baiskeli zilizobadilishwa kuwa za umeme kwa vifaa vya kuunga. Na baiskeli inayokunjwa, kwa kawaida, si rahisi kubadilishwa namna hiyo. Ule mkunjo uliobana mpaka hauna nafasi ya kidole, uliowatesa wahandisi kwa miaka, ndio uliogeuka ushahidi kwamba umeme wake umeingizwa na kiwanda. Kasoro ikawa kitambulisho.

Hilo halimaanishi kwamba betri ya kukunjwa haiwezi kuungua. Inamaanisha tu kwamba mtunga sheria alitafuta alama ya haraka ya kutofautisha, akaikuta kwenye bawaba. Na kijana wa kusambaza chakula akabaki jukwaani, treni ikaondoka. Ugomvi wa mwanzo ulikuwa na kilo. Huu wa sasa ni wa bei, na bado hakuna Ritchie aliyejifungia chumbani kuutatua.

Alama kwenye chuma

Novemba 2022 kiwanda cha Greenford, magharibi mwa London, kilifikisha baiskeli yake ya milioni moja. Ripoti zote ziliongea habari za wakuu na namba. Ila kuna kitu kidogo ambacho wapenzi wa baiskeli hizo hukitafuta wakishainunua. Fremu zake za chuma huunganishwa kwa mkono, fundi akiyeyusha shaba kwenye maungio kwa moto wa gesi, ufundi unaochukua muda mrefu kujifunza. Kila fundi ana alama yake. Akimaliza sehemu yake, anaigonga kwenye chuma.

Si jina. Ni alama tu. Aliyenunua hatajua kama fundi ni baba wa watoto wangapi, au anakwenda kazini kwa basi gani. Lakini bawaba ikilegea baada ya miaka kumi, kiwandani wanajua ni mkono wa nani. Watu 30 waliolipia kabla baiskeli haijawepo hawakugonga alama popote. Wala askari wa Normandy. Wala muuza mboga wa China aliyeifanya mota iwe rahisi kwa kuinunua pamoja na wenzake mamilioni.

Siku ukimwona mtu kwenye treni ya jiji lolote ameshika kile kisanduku chenye magurudumu, mkoba begani, usimwone kama mtu wa mambo yake. Mkononi mwake kuna kilo 17, na kila moja ina mtu aliyehangaika nayo.